Kabla ya Kushika Bakora



Mwaka huu aliletwa madrasa mtoto wa miaka mitano hivi, ameshika pindo la kanga ya bibi yake na hataki kuliachia. Sisi wakubwa tulimcheka. Siku ya tatu alipoendelea kulia, mmoja wetu akachukua bakora. Hatumtaji, kwa sababu kwa kweli sote tulikuwa pamoja naye. Mtoto alinyamaza, lakini kwa wiki mbili hakutamka hata alifu. Akiulizwa, anatazama chini. Makala haya tunayaandika kwa ajili ya jambo hilo.

Wengi hapa Miono husema mtoto akibebwa kila anapolia atadeka. Sisi hatukubali tena, na sababu hatukuzitoa mbali. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akaanza kuwatembelea majumbani akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Alikusudia kuchunguza desturi ya zamani ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi, akakuta wengi hawaifuati tena. Basi akatazama malezi ya kila siku, kwa muda wa miezi tisa hivi, na mwaka 1967 akayatolea kitabu. Aliona kwamba mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa undani, analala vipi, anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa, ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Mtoto huyo alithubutu kutambaa mbali, akarudi kumgusa mama, akaondoka tena. Yaani aliyekuwa na uhakika wa mama yake ndiye aliyekuwa mwepesi wa kumwacha! Wala kusaidiwa malezi na bibi, shangazi au dada hakukuonekana kumharibu mtoto.

Mwilini nako kuna jambo. Ubongo hutengeneza homoni iitwayo oksitosini. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba majimaji ya tezi iliyo chini ya ubongo hukaza mfuko wa uzazi. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaitengeneza homoni hiyo maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Mama zetu wanaifahamu bila kulijua jina lake: ndiyo sindano wanayochomwa mara tu mtoto anapozaliwa, ili damu isitoke kupita kiasi. Ndiyo pia inayosukuma maziwa, hata mama anayenyonyesha akisikia mtoto analia, nguo hulowa kifuani kabla hajamfikia. Wanaosoma Kiarabu watakumbuka kwamba neno la mfuko wa uzazi na neno rehema yana mzizi mmoja.

Huko Montreal, Kanada, Michael Meaney na wenzake walitazama panya. Wapo mama panya wanaowalamba watoto wao sana, na wapo wanaowalamba kidogo. Waliolambwa sana wakikua huwa na woga mdogo, na majike yao nayo huja kuwalamba watoto wao. Tena katika ubongo wa majike hao sehemu zinazopokea oksitosini ni nyingi zaidi. Mtoto wa mlambaji hafifu akihamishiwa kwa mlambaji mzuri, hukua akimfuata mlezi wake. Wenzetu mliolelewa na mabibi, hapo pasomeni mara mbili.

Mwanadamu si panya, hilo tunalijua. Mwaka 2005 watafiti wa Zurich, Uswisi, walisema kwamba watu waliopuliziwa oksitosini puani waliwaamini wenzao zaidi katika mchezo wa fedha. Jaribio hilo liliporudiwa na wengine, matokeo hayo hayakuonekana, likiwemo jaribio kubwa la mwaka 2020. Kwa hiyo atakayekuja gulioni kuuza chupa ya mapenzi ya kupuliza, mwacheni na chupa yake.

Tutaambiwa kwamba masheikh wetu walichapwa na wakahifadhi. Ni kweli walihifadhi. Lakini wale waliokimbia chuo na wasirudi, nani amewahesabu? Na sote tumesoma kisa cha al-Aqra bin Habis, aliyesema ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, na tunajua Mtume (S.A.W.) alimjibu nini.

Tunawaomba maustadhi wetu, kwa heshima, mambo mawili. Bakora isiwe mikononi mwetu sisi wanafunzi, kwa maana tumeonyesha kwamba hatuiwezi. Na kila mtoto mgeni apewe mwanafunzi mkubwa mmoja wa kukaa naye mkekani mwezi wa kwanza, na mlezi wake aruhusiwe kubaki karibu mpaka mtoto mwenyewe amzoee mwenzake.

Yule mtoto wa kanga amechukuliwa na dada mmoja wa darasa la juu, anamkalisha ubavuni na kumsomesha polepole. Wiki iliyopita alisoma Suratun-Naas yote, kwa sauti. Bibi yake bado anamleta na kukaa chini ya mwembe, ila siku hizi anasinzia.