Usaha wa Sikio Si Utoto

Tembea mwalo wowote kuanzia Kirumba hadi Nansio, utamkuta mtoto aliyezibwa sikio kwa pamba. Muulize mama yake, naye atakujibu bila wasiwasi: "Ni masikio tu, yatamwisha akikua." Bibi ataitikia. Jirani ataongeza kwamba hata wa kwake alikuwa hivyo hivyo, na leo ni fundi wa injini za boti. Maneno haya yamezoeleka mno kandokando ya Ziwa Victoria kiasi kwamba hakuna anayeyahoji. Mimi nayapinga. Hayana ukweli, na yanawaacha watoto wetu viziwi nusu huku sisi wazazi tukisubiri wakue.

Usaha hauanzii nje. Mtoto anapata mafua, vijidudu vinapanda kupitia mrija unaounganisha koo na sikio la kati, na kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo vinapita kirahisi. Usaha unajaa nyuma ya ngoma ya sikio hadi ngoma inapasuka. Usiku ule mtoto aliyekuwa akilia kwa maumivu ananyamaza, shuka linalowa, na nyumba nzima inadhani amepona. Kumbe ndipo tundu limepatikana. Mara nyingi linaziba. Lisipoziba, kila mafua na kila tone la maji vinaliamsha upya, na usaha ukiendelea kwa wiki mbili au zaidi, huo tayari ni ugonjwa sugu.

Ndiyo, wapo wanaopona wenyewe, kama yule fundi wa injini. Lakini kukauka kwa usaha si kurudi kwa usikivu. Sikio linaweza kukauka na tundu likabaki, na vifupa vidogo vinavyobeba sauti vikawa vimeliwa. Wengine wanafika mbali zaidi: uvimbe nyuma ya sikio, uso kupooza upande mmoja, maambukizi kuingia kwenye ubongo. Madaktari wa Bugando, hospitali yetu ya rufaa ya kanda, wameyaona madhara hayo kwa wagonjwa wao kiasi cha kuyafanyia utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Anayesema "yatamwisha" aende akasimame kwenye foleni ya kliniki ya masikio, pua na koo pale Bugando.

Wengine wanalilaumu ziwa: mtoto anaogelea sana, ndiyo maana sikio linanuka. Maji ya ziwa hayatoboi ngoma iliyo nzima. Yanaingia kwenye tundu ambalo lilikuwepo tayari. Kumfungia mtoto asiende ziwani bila kutafuta tundu hilo ni kumwadhibu mgonjwa na kuuacha ugonjwa. Na nyumbani tunaongeza yetu: mafuta yaliyopashwa moto, maziwa ya mama, maji ya majani, unyoya wa kuku wa kuchokolea. Hata ile pamba tunayomzibia tusione aibu mbele ya wageni inazuia usaha kutoka.

Uchungu zaidi uko darasani. Fikiria darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, paa la mabati, mvua inanyesha, na huyu mtoto ameketi nyuma kwa sababu wenzake hawataki harufu yake. Mwalimu anasoma imla. Panapotamkwa "taka" yeye anaandika "paka". Anaitwa mara mbili haitiki, anachapwa kwa ukaidi. Anatupiwa methali ya sikio la kufa, ilhali dawa yenyewe hakuna aliyewahi kumpa. Mwisho wa mwaka ripoti inasema hana bidii, na baba anaona heri akasaidie kuanika dagaa. Huyo mtoto hakushindwa masomo. Hakuyasikia.

Wala si watoto wachache wa hapa na pale. Utafiti wa wanafunzi wa shule za msingi Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta usaha sugu kwa watoto zaidi ya tisa katika kila mia moja upande wa vijijini, na kwa mmoja hivi upande wa mjini. Tofauti hiyo yatosha kuvunja hoja ya "utoto". Kama ungekuwa utoto, ungewashika wa mjini na wa kijijini sawasawa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilisema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika.

Sasa tazama tulivyopanga mambo. Mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure kwa sera ya nchi, na mwongozo wa kumhudumia unamtaka mhudumu aulize kuhusu sikio. Akianza darasa la kwanza, msamaha umekwisha na swali limekwisha. Kwa mzazi wa visiwa vya Ukara au Kome, kumfikisha Bugando ni nauli ya chombo, chakula, mahali pa kulala na siku za kazi zilizopotea. Mzazi huyo hasubiri kwa uzembe. Imani ya "yatamwisha" inamfaa kwa sababu ndiyo pekee isiyohitaji nauli.

Ndiyo maana nasema uchunguzi wa masikio ufanyike shuleni, bure, kwa kila mtoto, na kila mwaka. Nimechoka kusikia kwamba shule si hospitali. Kanda hii hii huwapanga watoto mstari uwanjani, huwapima urefu kwa fimbo na kuwapa dawa za kichocho. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nayo imewafikia wasichana shuleni. Siku hiyo hiyo tabibu mmoja mwenye kifaa kidogo chenye taa cha kuchungulia sikio anaweza kuona nani ana usaha, nani ana tundu, nani amezibwa na nta tu. Wengi wao watahitaji kukaushwa sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, na matone ya dawa kwa wiki mbili. Wachache ndio watakaohitaji Bugando, na hao wapelekwe kwa gharama ya halmashauri, siyo kwa barua ya rufaa inayoishia mfukoni mwa baba asiye na nauli.

Mwaka 2017 tuliishangilia Hospitali ya Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya kusikia kwa watoto, upasuaji wa mamilioni ya shilingi kwa kila mmoja. Tulistahili kushangilia. Lakini nchi inayoweza hilo haina kisingizio cha kumkosesha mtoto wa Buchosa chupa ya matone.

Madiwani wa Ukerewe, Buchosa, Sengerema, Magu, Ilemela na Nyamagana: fungu la uchunguzi huu liwekwe kwenye bajeti ijayo, lenye jina lake, kifaa kimoja kwa kila kituo cha afya na dawa za kutosha. Nawe mzazi, usisubiri madiwani. Sikio la mwanao likitoa usaha, mpeleke zahanati wiki hii.