Magari ya Kushushwa na Viuno vya Mama Zetu

Mwezi wa Mlisho huwa hapana mwisho wa juma usiokuwa na harusi, na siku hizi kila msafara wa maharusi una gari moja au mawili yaliyoshushwa hata matumbo yakaribia kuramba lami. Gari hupambwa maua na utepe, rimu zang'aa kama sahani za fedha, kisha bibi harusi hutiwa ndani pamoja na somo wake na mashangazi wawili watatu. Wanaotazama hupiga vigelegele. Waliomo garini hunyamaza, kwa kuwa kila tuta la barabarani huwapanda toka kiunoni mpaka menoni.

Bibi mmoja tunayemjua, mwenye maradhi ya mifupa, alipakiwa kwenye gari la namna hiyo kutoka Majengo kwenda harusini Likoni. Maji yalikuwa yamekupwa, na wavukao pale wajua jinsi mteremko wa kuingilia ferini unavyokuwa mkali wakati huo. Bampa likakwaruza, gari likapiga chini kishindo, bibi akatoa shahada. Walipofika ng'ambo alishuka, akamwambia kijana aliyekuwa akiendesha, "Mjukuu wangu, gari lako lapendeza, lakini mimi n'tafutia tuktuk."

Sisi hatuna ugomvi na vijana kwa kupenda pambo. Watu wa pwani wamepamba vyombo vyao tangu jadi; jahazi lilichorwa macho omoni na tezi ikanakshiwa. Lakini hatujapata kusikia nahodha aliyepunguza mkuku ili chombo kipendeze bandarini, kisha akapakia watu akatweka tanga.

Ada hii ya kulaza gari ilikuzwa sana na Wamarekani wenye asili ya Meksiko huko Los Angeles, baada ya Vita Vikuu vya Pili. Walitia magunia ya mchanga kwenye buti na kukata springi, na fahari yao ilikuwa kwenda polepole katika barabara pana zilizonyooka. Sheria ya California ilipokataza mwili wa gari kuwa chini kuliko rimu, Ron Aguirre, mwaka 1959, alilitia gari lake mitambo ya mafuta ya kulishusha na kulinyanyua kwa swichi. Vijana wetu wameichukua sura ya jambo hili, wakaiacha ile swichi, na ule mwendo wa polepole wakauacha pia. Nasi barabara zetu twazijua, matuta na mashimo yake.

Wala si kweli kwamba gari la chini lazima liumize. Citroën DS, lililoonyeshwa Paris mwaka 1955, liliweza kukaa chini kabisa na bado likasifiwa ulimwenguni kwa ulaini, kwa sababu lilibebwa na gesi na mafuta yenye nafasi ya kupanda na kushuka. Na wazee wetu wanaoikumbuka Peugeot 504, ile iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, watakwambia ilivyokuwa ikimeza mashimo. Siri yake haikuwa viti peke yake. Gurudumu lilikuwa na safari ndefu ya kupanda na kushuka kabla ya kugonga mwisho.

Hiyo safari ya gurudumu ndiyo fundi wa msumeno anayoikata. Wengi hudhani springi iliyokatwa ni ile ile, imepungua urefu tu. Springi ya mizunguko 8 ikibakishwa 6 huwa ngumu zaidi kwa thuluthi moja. Mzigo ulioibonyeza inchi 4 sasa utaibonyeza inchi 3. Papo hapo nafasi iliyobaki kati yake na raba ya kuzuilia imekuwa finyu, na shokomzoba ambayo haikufupishwa yafanya kazi karibu na mwisho wake. Gari likijaa watu watano wa harusi, hukaa juu ya raba tangu mlangoni pa nyumba. Wengine huichoma springi kwa moto wa gesi mpaka ikalegea. Hilo ni baya zaidi, kwani chuma hupoteza nguvu kilichopewa kiwandani, na siku moja huvunjika. Na springi iliyokatwa ikawa fupi mno yaweza hata kuhama kikalio chake gurudumu linaponing'inia.

Mwenye gari akitaka kujua hali yake, na afunge kijifungo cha plastiki kwenye fimbo ya shokomzoba, apakie watu, apite njia yake ya kila siku, kisha atazame. Kijifungo kikiwa kimesukumwa mpaka kwenye raba, basi gari halitembei juu ya springi.

Dawa ya kwanza ni kuziondoa springi zilizokatwa. Ziko zilizotengenezwa makusudi kushusha gari kwa milimita 25 au 30, na ziko shokomzoba fupi za kulingana nazo. Vitu hivi viwili hununuliwa kwa pamoja. Raba ngumu ya mwisho yaweza kubadilishwa ikatiwa ya povu gumu, ambayo hujibonyeza taratibu badala ya kugonga kama nyundo. Aliye na springi za kurekebishwa kwa nati asikaze springi akidhani anatafuta ulaini, wala asiifunge shokomzoba ikawa nzito kurudi. Ikiwa nzito mno, gurudumu halijarudi kutoka tuta la kwanza na la pili limekwisha fika, na gari lazidi kuzama kwa kila tuta.

La matairi watu hawalipi haki yake. Tairi la 205/40 lina ukuta wa milimita 82 tu, na la 195/65 lina karibu milimita 127. Ule ukuta ni mto wa kwanza wa abiria, kabla ya springi yoyote. Anayepunguza rimu kwa inchi moja au mbili na kurudisha tairi nene, kwa kipimo kinachokubaliwa na gari lake, atapata raha kuliko aliyenunua viti vipya. Upepo nao ujazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Kuupunguza ili gari liwe laini, nawe una tairi jembamba, ni kuipinda rimu kwenye shimo la kwanza. Na bushi zilizokwisha zibadilishwe, kisha magurudumu yapimwe yanyooshwe, maana gari lililoshushwa hula matairi kwa upande wa ndani, na mwenyewe haoni mpaka nyuzi zimetokeza.

Liko jambo jingine ambalo latuudhi kuliko hayo. Kuna wauzaji wanaolinyanyua gari kwa vipande vya raba vilivyotiwa baina ya mizunguko ya springi iliyokatwa, wakampa mnunuzi alijaribu kwenye lami nzuri ya Nyali, wakapokea pesa. Waislamu wajua kwamba kuficha aibu ya bidhaa hakufai, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuirudisha. Kusema "umeliona mwenyewe" hakumtoi muuzaji lawamani, kwani mtu hatambai chini ya gari kuhesabu mizunguko. Basi anayenunua aende na fundi wake, amwambie atazame ncha za springi. Ya kiwandani huishia kwa ncha iliyofanywa vizuri, na rangi yake imefika mpaka mwisho. Iliyokatwa huonyesha chuma kitupu na kutu.

Na mafundi wanaozitoa springi hizo wasiziweke rafuni kumngoja mteja mwingine. Ziende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.