Pima Ukuta, Usipime Mchoro

MSUMARI
Na Zuhura Makame

Ukitaka kujua jengo la ofisi Dar es Salaam lilikosewa wapi, usihangaike kumtafuta msanifu. Simama upande wa magharibi saa kumi alasiri, uangalie vilivyobandikwa kwenye vioo: boksi la printa lililopasuliwa, kanga iliyopachikwa kwa gundi ya karatasi, kalenda ya mwaka juzi. Aghalabu vimejazana kwenye madirisha yenye maumbo. La upinde, la pembetatu chini ya paa, la duara ambalo mwenye jengo alilipenda sana kwenye picha. Madirisha ya mstatili yana mapazia yake, maana pazia la mstatili linanunuliwa Kariakoo, na likipwaya kidogo hakuna anayejua.

Dirisha lenye umbo halisamehe. Kizuia jua chake, kiwe luva za alumini kwa nje au pazia la kukunja kwa ndani, kinatengenezwa kwa ajili ya uwazi huo mmoja tu. Kikikosewa kwa sentimita mbili hakuna mteja mwingine wa kumpelekea; kinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na bili inaanza kutafuta wa kubebeshwa. Ubora wa vitu hivi huamuliwa siku ya kupima, na katika miradi yetu siku hiyo haina mwenyewe.

Mambo huenda hivi. Msanifu anachora upinde kwenye kompyuta, safi kabisa. Mkadiriaji majenzi anaviweka vizuia jua kwenye fungu la mwisho, pamoja na vibao vya milango na maua ya getini. Fundi wa zege anaunda upinde kwa mbao alizonazo. Fundi lipu anakuja kuusawazisha kwa jicho. Miezi inapita, fedha zinapungua, ndipo karakana ya alumini inaitwa na kukabidhiwa ule mchoro wa kwanza, wakati ukuta umeshabadilika mara mbili. Hakuna anayempa fundi cherehani picha ya bibi harusi amshonee gauni bila kumwona, lakini saiti tunafanya hivyo kila siku, tena kwa mihuri.

Dirisha la mstatili unaweza kulihakiki kwa tepu: pima upana juu, katikati na chini, kimo kushoto na kulia, kisha mishazari yote miwili. Ikilingana, kona zimekaa sawa. Upinde hauna mishazari ya kukuokoa. Upana na kimo cha katikati vinaweza kulingana na mchoro huku bega la kushoto limeinama, na tepu isiseme kitu. Dawa yake ni ya siku nyingi: patani. Plaiwudi nyembamba au karatasi ngumu ikatwe palepale dirishani, lipu ikiwa imekauka na fremu imeshafungwa. Kisha iandikwe namba ya dirisha, juu ni wapi, na uso upi unatazama ndani.

Hilo la mwisho hudharauliwa, hadi mtu akutane na dirisha lenye mteremko wa upande mmoja. Patani imechukuliwa kwa ndani, karakana ikaisoma kama ya nje. Kinachorudi ni kizuia jua kilichogeuka, mteremko kushoto badala ya kulia. Vipimo vyake vyote ni sahihi. Hakiingii.

Mafundi wa Mji Mkongwe, Unguja, hawakuhitaji semina kwa hili. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazikuwapa madirisha mawili yanayofanana, basi kila ubao ulichongwa kwa tundu lake.

Umbo likishapatikana, nafasi nayo ihesabiwe. Kipande cha alumini cha mita 3 kikipanda joto kwa nyuzi 30 kinarefuka kama milimita 2. Kikiwa kimekazwa ncha zote mbili, ama kitapinda au kitang'oa skrubu, kwa hiyo upande mmoja lazima uachiwe tundu refu. Na huku pwani, skrubu ya chuma cha kawaida ndani ya alumini, ikipigwa na chumvi ya bahari, huila alumini yenyewe. Mkataba utaje chuma cha pua cha gredi 316, na washa za plastiki katikati. Mkataba ukisema "skrubu bora" tu, haujasema kitu.

Kuna kosa ambalo hata patani haiwezi kulikamata. Vitabu vingi vya bidhaa vinavyotufikia vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam jua hilo liko kaskazini tangu mwanzo wa Machi hadi kama tarehe 10 Oktoba, kisha linahamia kusini. Kuta za pande hizo mbili zinatosheka na luva za kulala, kwa kuwa jua liko juu. Magharibi jua huingia likiwa chini, usawa wa macho ya karani, na luva ya kulala inalitazama likipita. Hapo panataka za kusimama, zilizokatwa pembe. Nami naona majengo yenye luva zilezile pande zote nne, eti mwonekano.

Kosa la kukiacha kivuli hadi mwisho lina wakubwa wake. Le Corbusier alijenga makazi ya Jeshi la Wokovu jijini Paris, yaliyofunguliwa mwaka 1933, na ukuta mzima wa kioo usiofunguka ukitazama kusini. Kiangazi watu wakaiva humo. Vizuia jua vilikuja kuongezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wakandarasi wataniambia patani na ukaguzi ni gharama. Ni gharama, ndiyo, ila plaiwudi haijafikia bei ya luva. Ninachotaka ni hiki: karakana itakayotengeneza ndiyo ipime, msanifu aweke saini kwenye kila patani, na dirisha moja lifungwe kamili na kukaguliwa kabla ya mengine kukatwa. Ukaguzi wa makabidhiano usiwe saa nne asubuhi, wakati wageni wanasubiri chai. Uwe saa kumi alasiri, upande wa magharibi. Fedha za zuio zisiachiwe hadi vizuia jua vimepita Juni na Desemba.

Na patani zikabidhiwe kwa mwenye jengo pamoja na funguo. Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu mjini Paris ilifunguliwa mwaka 1987 ikiwa na vizuia jua 240 vya mota. Vingi vilikwama kadiri miaka ilivyopita, hadi ukarabati wa mwaka 2017. Wao walikuwa na michoro ya kurejea. Luva yako ya upinde ikivunjika ghorofa ya tano, fundi ataanzia wapi?