Vighairi vya Gamp
Katika riwaya ya saba ya Harry Potter (2007), Hermione, rafiki wa Harry, anaeleza kwamba chakula hakiumbiki kwa uchawi pasipo kitu: ni cha kwanza kati ya vighairi vitano vya Sheria ya Gamp, kanuni ya kugeuza vitu kwa uchawi. Vinne vilivyobaki havitajwi, na wasomaji wamejaza pengo. Dhana yenye nguvu ni fedha. Kama ingeumbika, familia maskini ya Weasley isingenunua vitabu vya mitumba. Uhai nao hutajwa sana, ingawa Hermione huyohuyo aliwahi kuibua kundi la ndege kwa fimbo yake, pingamizi ambalo watetezi wa dhana hiyo hulijibu kwa shida. Upendo una ushahidi, maana mwalimu Slughorn hufundisha kuwa dawa za mapenzi haziumbi mapenzi ya kweli, lakini Gamp alishughulikia kugeuza vitu, si mioyo.