Mbiu ya mgambo itaje jambo lenyewe

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mtaani methali hiyo inatosha, kwa kuwa atakayeisikia atatoka nje aulize kumetokea nini. Ndani ya programu ya kompyuta haitoshi hata kidogo. Huko kila sehemu hufanya kazi kwa habari iliyoletewa, na ikiletewa habari nusu itafanya kazi nusu. Mfano mzuri ni Dali, nyongeza ya Eclipse inayowasaidia waandishi wa Java kuoanisha programu zao na majedwali ya hifadhidata. Zana kama hiyo hufaa pale tu inapotangaza kwa usahihi ni kitu gani kimebadilika ndani yake, na pale wanaosikiliza matangazo hayo wanapojua pia lini waache kusikiliza.

Tuchukue programu ya duka yenye klasi iitwayo Mteja, na ndani yake uga uitwao simu. Kanuni za JPA, utaratibu wa Java wa kuoanisha klasi na majedwali, zilizotoka mwaka 2006, zinasema kwamba mwandishi asipotaja jina la safu, jina la uga ndilo litakalotumika. Siku mwandishi akiona “simu” haijitoshelezi, akabadili kuwa “simuYaMkononi”, safu itakayotafutwa kwenye jedwali imebadilika pia, ingawa hakugusa chochote kinachohusu jedwali. Kikompaila cha Java hakitalalamika, maana sheria za lugha hazijavunjwa. Jedwali nalo limebaki na safu yake ya SIMU kama jana. Kosa litafichuka baadaye, programu itakapoomba namba ya mteja ikaambiwa safu hiyo haipo. Dali iliyounganishwa na hifadhidata huweka alama ya kosa kwenye mstari wenyewe mwandishi angali kazini. Inaweza kwa sababu inatunza modeli ya programu yote, na sehemu za modeli hiyo husikilizana: jina la uga likibadilika, jina la msingi la safu hupangwa upya, kisha dirisha linaloonyesha safu hupashwa habari. Jina alilolitaja mwandishi mwenyewe hutunzwa mbali na lile la msingi, ili badiliko la moja lisidhaniwe kuwa la jingine.

Kwamba tangazo lazima liwe mahususi, historia ya Java yenyewe inathibitisha. Lugha hiyo ilizaliwa na klasi iitwayo Observable, iliyomruhusu mtangazaji kusema “nimebadilika” bila kueleza kipi kimebadilika. Mwaka 2017, toleo la 9 lilipotoka, klasi hiyo iliwekwa kando rasmi na waandishi wakashauriwa kutumia njia nyingine. Sababu zilizotolewa ni kwamba uwezo wake ni finyu, mpangilio wa matangazo haujulikani, na idadi ya matangazo hailingani na idadi ya mabadiliko. Dali ilishika njia tofauti. Tangazo la sifa hubeba jina la sifa, thamani ya zamani na thamani mpya. Orodha ina tangazo lake, na mti una lake. Anayesubiri habari za safu haamshwi kwa habari za ufunguo.

Wapo watakaosema haya yote ni kujitafutia kazi: kwa nini zana isipitie faili zote kila baada ya muda na kujionea yenyewe? Kwa mradi wa klasi kumi hoja hiyo ina uzito. Kwa mradi wa klasi mia kadhaa, ukaguzi wa mara kwa mara hulemaza mashine, na ukaguzi wa nadra humwacha mwandishi akiangalia picha ya zamani. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Matangazo hufanya programu iwe ngumu kufuatilia, kwa kuwa mtu husoma msimbo bila kuona nani amemwita nani. Ni kweli, lakini ugumu huo huzidi pale tangazo linapokuwa la jumla, maana kila msikilizaji hulazimika kubahatisha. Tangazo lenye jina na thamani huacha alama za kufuata. La tatu ni la kumbukumbu ya mashine: dirisha lililofungwa bila kujiondoa kwenye orodha ya wasikilizaji huendelea kushikiliwa na modeli, na kwa siku nzima ya kazi madirisha kama hayo hulimbikizana hadi zana inazidiwa. Hapa lawama ni ya aliyejiandikisha asijiondoe. Dawa yake ni nidhamu: kila mstari unaomwandikisha msikilizaji uwe na mwenzake unaomwondoa, na yote miwili iandikwe siku moja.

Kwa hiyo wasanidi wetu, hasa wanaoandika mifumo ya kutunza kumbukumbu za watu na mali, wasiyaone matangazo ya mabadiliko kuwa kazi ya mapambo ya kumaliziwa mwishoni. Kabla ya kuandika tangazo lolote, jiulize: atakayelisikia atajua nini hasa kimebadilika, kilikuwaje na sasa kikoje? Kama hatajua, bado hujatangaza. Umepiga kelele tu.