MALEZI UGENINI: Nota za Fidla Juu ya Mkeka



Katika shule nyingi za umma za Montgomery, Maryland, na Fairfax, Virginia, kwa miaka mingi darasa la nne ndilo ambalo mtoto huweza kuanza kujifunza fidla. Basi sanduku la fidla huingia nyumbani, pamoja na kitabu kilichojaa mistari na vidoa vyeusi. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala za muziki, na safu hii si mahali pa kutolea fatwa. Kila nyumba ina uamuzi wake. Maneno ya leo yanawahusu wale ambao fidla imekwisha kuingia nyumbani mwao, na mtoto ameanza kuichukia kwa sababu ya vile vidoa.

Fidla si ngeni kwetu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alimtuma Muhammad Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa 1905, na sauti ya fidla imekuwa nguzo ya taarabu ya Unguja. Mafundi wengi wa zamani walijifunza kwa sikio: mkubwa hupiga, mdogo hufuata. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kikaja kufundisha ala hizo pamoja na nadharia ya muziki. Kwa hiyo sikio na jicho si maadui, bali sikio hutangulia. Mjapani Shinichi Suzuki (1898–1998) alijenga mafunzo yake ya fidla juu ya msingi huo: mtoto husikia na kupiga kwanza kama anavyojifunza lugha ya mama, kisha husoma. Nasi watu wa chuoni twalijua jambo hilo, kwani mtoto wetu huhifadhi sura fupi kabla hajaweza kuzisoma msahafuni.

Tatizo huanza mtoto anapoandika namba ya kidole juu ya kila nota. Hapo husoma namba, hasomi nota. Akibadilishiwa wimbo, amepotea. Dawa yake si kumkaripia, bali ni kucheza naye. Mzazi asiyejua nota asijitoe, kwa maana michezo hii hujifunzwa na wote wawili kwa pamoja.

Mchezo wa kwanza ni wa mkeka. Tandaza kamba tano sambamba juu ya mkeka. Hizo ndizo mistari mitano ya nota, nasi huzihesabu kutoka chini kwenda juu. Chukua kete za bao au vifungo vya nguo. Anza na nyuzi nne za fidla zikipigwa bila kidole. D hukaa chini kidogo ya mstari wa kwanza. A hukaa katika nafasi ya pili, yaani baina ya mstari wa pili na wa tatu. E hukaa katika nafasi ya nne. G ndiyo ya chini kabisa, nje ya mistari, nayo huongezewa vijistari viwili vifupi juu yake. Mzazi hutaja herufi, mtoto huweka kete. Kisha hubadilishana zamu. Nne hizo zikikaa kichwani, mtoto amepata nanga.

Baada ya hapo mwonyeshe ngazi. Uzi wa D bila kidole uko chini ya mstari. Kidole cha kwanza huleta nota ya mstari wa kwanza. Cha pili, nafasi ya kwanza. Cha tatu, mstari wa pili. Kisha tunafika A katika nafasi ya pili, na hesabu huanza upya. Mstari, nafasi, mstari, nafasi: kila hatua moja juu ya mkeka ni kidole kimoja juu ya uzi. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake, hana haja tena ya namba.

Mchezo wa pili ni wa mkono, na hautaki vifaa. Mtawa wa Italia wa karne ya 11, Guido wa Arezzo, anakumbukwa kwa mbinu ya kufundishia waimbaji kwa vidole vya mkono. Nasi tufanye hivi: nyosha mkono wa kushoto mbele ya kifua, kiganja kikuelekee, gumba likiwa juu. Vidole vitano ni mistari mitano. A iko baina ya kidole cha pete na cha kati. E iko baina ya kidole cha shahada na gumba. Mnaweza kuucheza huu mkiwa ndani ya basi au mkingoja zamu kwa daktari.

Wa tatu ni vitendawili. “Kitendawili!” “Tega!” “Nakaa nafasi ya pili, nalia bila kuguswa na kidole.” Akishindwa, atoe mji kama ada yetu, kisha umpe jibu: ni A. Mwache naye akutegee. Mtoto anayetunga kitendawili cha nota amekwisha kuielewa.

Wa nne ni wa mapigo. Piga makofi kwa mwendo ulio sawa. Katika kila kofi, nota ya pigo zima iitwe “la”. Nota mbili za nusu pigo ziwe “ma-ma”. Nne za robo pigo ziwe “ka-ri-bu-ni”. Someni mstari wa kitabu kwa maneno hayo kabla ya kugusa upinde.

Masharti ni matatu. Michezo isizidi dakika kumi kwa siku. Kila mchezo umalizike mtoto akiipiga nota ile kwenye fidla, maana nota isiyofika mkononi na sikioni ni wino tu. Na michezo yote iwe kwa Kiswahili.

Sharti hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtoto wa ugenini akizoea kwamba kila kilichotoka shuleni wazazi wake hawakijui, huacha kuwauliza. Akiacha kuwauliza kuhusu fidla, siku moja ataacha kuwauliza na mambo makubwa. Mzazi anayekaa mkekani akakubali kufundishwa na mwanawe iko wapi G, hapungukiwi na heshima. Amejiwekea mahali pa kukaa katika elimu ya mtoto wake, na mtoto amelipata neno la Kiswahili kwa jambo alilolikuta Marekani.

Wabillahi tawfiq.