Rangi ya Khanga Isiwe Sumu ya Mto

Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, wananchi waliona fahari kubwa: pamba ya mkulima wetu iligeuzwa khanga na vitenge hapa hapa nchini. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini penye nguo za rangi, popote duniani, pana pia maji ya rangi, na maji hayo hayana budi kwenda mahali.

Rangi haiingii yote katika kitambaa. Sehemu yake hubaki majini pamoja na chumvi na sabuni. Kwa kuwa imetengenezwa isichujuke kwa jua wala kwa kufuliwa, vijidudu vya mtoni haviiozeshi kwa urahisi. Huzuia mwanga usiifikie mimea ya majini. Na baadhi ya rangi za jamii ya azo zikivunjika hutoa kemikali ziwezazo kuleta saratani. Mwananchi alimaye mchicha bondeni hamwagilii kwa vipimo vya maabara. Humwagilia kwa maji yaliyopo.

Dawa mojawapo ni mkaa uliotayarishwa maalum. Gramu moja tu ina vijitundu ambavyo kuta zake, zikikunjuliwa, huzidi mita za mraba 500, na juu ya kuta hizo rangi hunata. Taabu ni kwamba mkaa uliosagwa laini ni mgumu kuutoa majini. Hapo ndipo sumaku inapoingia. Chumvi mbili za chuma zikichanganywa katika maji yenye alkali, hupatikana magnetiti, yaani chembe nyeusi zivutwazo na sumaku. Chembe hizo zikipachikwa katika mkaa wa vifuu vya nazi au pumba za mpunga, mkaa hunasa rangi, na sumaku huuvuta mkaa kando. Huweza kuoshwa na kutumiwa tena, ingawa nguvu yake hupungua kila mara.

Hata hivyo, tusijidanganye. Majaribio mengi ya aina hii hufanywa maabara, kwa rangi moja iliyotiwa katika maji safi. Maji ya kiwanda ni mchanganyiko mzito. Tena sumaku haiiangamizi rangi, bali huihamisha tu. Mwenye kiwanda auoshaye mkaa huo na kumwaga uchafu mtoni hakusafisha kitu.

Kwa hiyo vyuo vyetu vikuu havina budi kuyatoa majaribio haya maabara na kuyapeleka kwenye mifereji ya viwanda. Ndugu zetu watumishi wa Serikali, wanaosimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, wasitosheke kuuliza kama mtambo upo. Waulize pia uchafu ulionaswa umepelekwa wapi. Nao walimu waweza kuanza leo kwa glasi ya maji yenye wino, mkaa uliosagwa, vumbi la chuma na sumaku ya spika mbovu ya redio. Mtoto akiona kwa macho yake, ataelewa.

Gharama ya kusafisha maji ni sehemu ya bei ya nguo. Kiwanda kisipoilipa, italipwa na mkulima wa bondeni, ambaye hakupata faida yoyote. Huo si ujenzi wa taifa.